Elfu 15 ya kugandisha mafuta ya tumbo: ni elfu 15 ya nini hasa?

Mama Pendo wa Umoja

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kusoma bei, maana zamu yangu ya kupokea mchango wa chama imefika, nina 85,000 kwenye simu, na kila ninakoenda narudi na hesabu isiyofanana na ya kwanza.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wote kwa upasuaji, wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Uzito umerudi, niko kilo 68, lakini tumbo limebaki pale pale. Mwezi wa tatu nilipanda matatu hapa Umoja, Nairobi, makanga akamwinua kijana mmoja: "Mpishe mama mjamzito." Nikakaa. Sikuweza kusema neno mpaka nikashuka mjini. Tangu siku hiyo nguo zangu zote za kubana ziko kwenye sanduku chini ya kitanda.

Kisu sitaki tena, mara mbili imetosha. Ndiyo nikaanza kuulizia hizi tiba za mashine. Nimezunguka sehemu tatu.

Ya kwanza iko Kilimani. Tangazo lao linasema kugandisha mafuta ni 15,000. Nikafika, nikalipa 3,000 ya ushauri, mhudumu akanilaza na kunichora tumbo kwa kalamu nyeupe: kushoto juu, kulia juu, kushoto chini, kulia chini. Akasema hayo ni maeneo manne, kila eneo 15,000, na yote yatarudiwa baada ya miezi miwili. Mkanda wa kubana tumbo 6,500. Kukandwa kila awamu 2,500. Nilijumlisha nikiwa bado nimelala pale kitandani nikapata 134,500. Aliponiona nimenyamaza akasema nikilipa siku hiyo hiyo nitafanyiwa 110,000.

Ya pili iko Westlands, kwa daktari wa ngozi. Daktari hakuwepo. Msaidizi wake alinitazama tu nikiwa nimesimama, akasema wao wanatoza 45,000 kwa kila kikombe cha mashine, mimi huenda nikahitaji viwili, mara moja, halafu tungoje wiki 12 ndipo tuone. Kwa hiyo 90,000, ila daktari mwenyewe ndiye angethibitisha, na kumwona ni 5,000. Hakuna aliyenibembeleza.

Ya tatu ni mjini, ghorofani, Moi Avenue. Wao hawagandishi. Wana mashine ya mawimbi ya sauti wanayoiita kaviteisheni: wanakupaka jeli, wanakuzungushia kichwa cha chuma tumboni dakika 40. Mara moja ni 4,000, ukichukua mara kumi ni 30,000, unalipa zote mbele.

Tumbo ni moja. Kwa nini 134,500, 90,000 na 30,000? Ipi ni ghali na ipi ni rahisi kwa kweli? Na nikilipa, nitarajie nini? Tafadhali aliyefanyiwa aseme, si aliyesikia kwa jirani.

---

Kui wa Kasarani

Mimi nilifanyiwa, mwaka 2023. Kiuno pande mbili, ile nyama inayomwagika juu ya mkanda wa suruali. Nililipa 35,000 kila upande, jumla 70,000, na sikuongezewa kitu kingine chochote.

Nikueleze ilivyo, maana mimi nilienda bila kujua. Wanapaka kitambaa chembamba chenye jeli nyingi, baridi na cha kuteleza, kisha wanaweka kikombe ambacho kinavuta nyama kuiingiza ndani kama pampu. Dakika tano za kwanza inauma kama umeshika barafu ukakataa kuiachia, baadaye ganzi inaingia na huhisi kitu. Mimi nilikaa dakika 35 kila upande, nikasoma simu. Walipotoa kikombe nilishtuka: nyama ilikuwa imesimama, ngumu, ya mstatili, kama siagi iliyotoka kwenye friji. Wakaikanda dakika mbili ilainike, na hapo ndipo nilipolia. Ganzi ilikaa wiki tatu. Nilikuwa nikijikuna huko kiunoni nahisi kama namkuna mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, na nilianza kuamini nimetapeliwa. Wiki ya kumi nikapima kwa futi ya fundi cherehani: kutoka sentimita 86 hadi 83. Mizani haikusogea hata nusu kilo, nilikuwa 74 nikabaki 74. Sketi yangu ya kazini ilifunga zipu bila mimi kuvuta pumzi, na kwangu hicho ndicho nilichokuwa nimekilipia. Nilifurahi.

Lakini mama, sentimita tatu kwa elfu sabini. Ujue hivyo kabla hujatoa. Na mwaka jana niliponenepa kidogo, mafuta yaliyobaki yalifura kama kawaida. Mashine haikuwekei kizuizi.

---

Nesi Halima

Mama Pendo, pole kwa ya matatu. Usizifungie nguo zako sandukuni kwa sababu ya makanga.

Mimi ni nesi. Nilifanya kazi miaka minne kwenye kliniki ya urembo hapa Nairobi kabla sijarudi wodini, na mashine hizo nimezishika kwa mikono yangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimelisikia kila siku kwenye meza ya mapokezi, na wengi waliuliza wakiwa wameshalipa.

Umechanganyikiwa kwa sababu hao watatu hawauzi kitu kwa kipimo kimoja. Wa Westlands anauza kikombe. Wa Kilimani anauza "eneo", na neno eneo halina kipimo, kila mtu anachora lake. Kuna kikombe kidogo cha kutosha chini ya kidevu, kuna kikubwa kinachomeza tumbo lote la chini. Mwenye kikombe kidogo atakuchorea manne, mwenye kikubwa atakuchorea moja au mawili, na tumbo ni lile lile. Wa mjini anauza muda wa kuzungushiwa. Kwa hiyo usilinganishe 15,000 na 45,000 na 4,000. Mwulize kila mmoja hivi: mashine itawashwa mara ngapi juu ya mwili wangu mpaka kazi iishe, na siku hiyo nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na ushauri, mikanda na kurudi kuangaliwa? Akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri. Asiyetaka kuandika umeshamjua.

Sasa kwa nini kikombe kiwe 45,000. Mashine asilia za kugandisha, kliniki ikishazinunua malipo hayaishi hapo. Mtengenezaji anaiuzia kliniki kadi zenye idadi ya mizunguko, na kila mkibonyeza kuanza, mzunguko mmoja unakatwa, kama umeme wa tokeni. Kila mgonjwa ana kitambaa chake cha jeli, kinatumika mara moja na kutupwa. Hiyo yote inalipwa kwa dola kabla hujafika kwenye kodi ya Westlands na mshahara wa mtu kama mimi. Kliniki yenye mashine kama hiyo haiwezi kukutoza 8,000 ikabaki wazi. Ukiona bei hiyo, ama mashine ni ya kuigiza, ama kuna kitu kinaokolewa mahali.

Niliona kinachookolewa. Baada ya kuacha kazi pale, mama mmoja alikuja wodini kwetu kutoka sehemu nyingine ya bei nafuu. Juu ya kitovu alikuwa na alama ya mviringo kamili, ukubwa wa sahani ya chai, ngozi imekuwa nyeusi ya kijivu na malengelenge pembeni. Kile kitambaa cha jeli alichowekewa kilikuwa kimekauka, kilitumika kabla yake. Baridi iliunguza ngozi badala ya mafuta. Alilipa 7,000. Kusafishwa kidonda ilimchukua wiki sita, na doa sidhani kama litatoka, ngozi zetu zinakumbuka. Mpaka leo nikiona tangazo la ofa ya Ijumaa namwona yeye.

Tiba yenyewe si uongo. Iligunduliwa na madaktari wa Boston, Dieter Manstein na Rox Anderson, na ilianzia kwenye jambo ambalo madaktari walishaliona zamani: watoto waliokuwa wakinyonya barafu za sukari walibonyea mashavu, kwa kuwa seli za mafuta hufa kwa baridi ambayo ngozi inaistahimili. Marekani iliruhusu mashine hiyo itumike kiunoni mwaka 2010, tumboni mwaka 2012. Seli zikishagandishwa zinakufa polepole na mwili unazisafisha wenyewe, ndiyo maana Kui alingoja wiki kumi. Kinachopungua ni kama robo ya unene wa mafuta pale kikombe kilipokaa, wakati mwingine ni moja ya tano tu. Ukifinya tumbo ukapata sentimita nne, tarajia kubaki na tatu. Anayekuahidi tumbo bapa kwa mara moja anauza kitu kingine.

Kaviteisheni ya mjini sitaisema sana. Uthibitisho wake ni mwembamba kuliko wa baridi, watu wengi hupungua kidogo siku ile kisha hurudi, na mara kumi ni nauli mara kumi na mchana mara kumi bila kazi. Ukijumlisha, 30,000 yako inakaribia elfu arobaini.

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna mahali niliiona kwenye bango. Kwa watu wachache, baridi hufanya kinyume: badala ya mafuta kupungua, yanakua, yanakuwa uvimbe mgumu wenye umbo la kikombe kile kile. Jambo hilo liliandikwa kwenye majarida ya madaktari mwaka 2014, na mwaka 2021 mwanamitindo Linda Evangelista alijitokeza kusema lilimpata. Ni nadra, sikutishi. Ila uvimbe ule hauondoki kwa mazoezi wala kwa mashine, unaondolewa kwa kufyonzwa mafuta, yaani upasuaji ule ule uliokuwa unaukimbia, na mara nyingi ni pesa zako. Uliza mapema: likinipata mimi, nani atalipa? Nilipokuwa kazini ni watu wawili tu waliowahi kuniuliza hivyo.

Daktari mtafute kwenye sajili ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iko mtandaoni, unaandika jina lake unaona kama leseni ni ya mwaka huu. Kliniki nayo ina leseni yake, iulizie pale ukutani. Na bima usiihesabu, urembo hazilipi.

Nimebakiza kilichonigutusha tangu niliposoma ujumbe wako. Kilo 68, watoto wawili kwa upasuaji, tumbo linaloonekana kama la mimba wakati uzito umerudi. Mama, huenda hayo si mafuta. Misuli miwili inayoshuka katikati ya tumbo huachana wakati wa mimba, na kwa wengine haikutani tena. Matumbo yanasukuma mbele pale kwenye uwazi. Hakuna baridi, joto, leza wala mawimbi yanayoifunga. Ungelipa 134,500 na makanga angekwinulia kijana mwingine.

Fanya hivi usiku wa leo watoto wakilala. Lala chali sakafuni, kunja magoti. Weka ncha za vidole vyako katikati ya tumbo, juu kidogo ya kitovu, zikiwa zimepangana na zikielekea miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kama mtu anayetaka kuona vidole vya miguu. Kama vidole vinazama katikati ya kingo mbili ngumu, hesabu ni vingapi. Vikizidi viwili, mwone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kabla ya mtu yeyote mwenye mashine. Kisha ukiwa umesimama finya ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada. Unachoweza kukishika, hicho ndicho kikombe kinaweza kukivuta. Kilicho nyuma ya hapo kikombe hakikifikii.

---

Baba Neema

Nitasema moja tu kuhusu kulipa mbele. Mke wangu alinunua pakeji ya mara kumi, 28,000, mahali fulani mjini. Alienda mara nne. Ya tano alikuta mlango umefungwa na vitambaa vimetolewa dirishani, simu haipatikani. Risiti tunayo, ina jina la biashara ambalo hatukulipata popote. Kilichomuuma zaidi si pesa, ni kwamba alikuwa amenificha, kwa hiyo alibeba peke yake wiki nzima kabla hajaniambia. Mama Pendo, lipa kila mara unapohudumiwa, hata kama ile 4,000 inaonekana ghali kuliko 3,000. Na mwambie baba watoto.

---

Mama Pendo wa Umoja

Nimerudi. Zimepita wiki mbili, samahanini kwa kimya.

Nesi Halima, usiku ule nililala sakafuni sebuleni kama ulivyosema. Nikainua kichwa. Vidole vitatu vilizama hadi kwenye kiungo cha kwanza, na pale katikati pakapanda kitu kama mgongo wa samaki. Nilibaki nimelala hapo muda mrefu. Miaka miwili na nusu nimekuwa nikilala njaa jioni kwa ajili ya mafuta ambayo sehemu kubwa hayakuwa mafuta.

Baba Neema, nilimwamsha mume wangu nikamwonyesha. Hakujua hata kama nilikuwa nazunguka kliniki. Alisema mengi, lakini jambo la kwanza aliloniambia ni nile.

Nilirudi Westlands, safari hii nikamwona daktari mwenyewe, 5,000 yangu ikaenda na sijutii. Alinifinya chini ya kitovu kwa kile kikoleo cha kupimia mafuta, akaniambia kwamba ninacho kidogo pale chini, cha kikombe kimoja, 45,000, si viwili. Sehemu ya juu akakataa kabisa, akasema hapo angekuwa ananiibia. Nilimuuliza maswali yote, hata lile la nani analipa uvimbe ukitokea. Alijibu kwamba utaratibu upo kwenye fomu ya ridhaa, ukurasa wa pili, akaniachia niisome nyumbani.

Nimeanza fiziotherapia katika hospitali ya umma, mara moja kwa wiki, na mazoezi ya kila asubuhi nyumbani: kupumua ukivuta kitovu ndani, kuteleza kisigino sakafuni, na nimekatazwa kabisa yale mazoezi ya kuinuka kiwiliwili niliyokuwa nikiyafanya mia moja kwa siku. Wiki 12 kwanza. Hicho kikombe kimoja kitangoja, na pesa nimezitoa kwenye simu nikaziweka kwenye akaunti ya chama ili mkono usinitoroke.

Ila kuna jambo limenitia hofu. Jana yule fiziotherapia aliponishika kando ya kitovu alisimama, akaniambia nikohoe. Kuna kauvimbe kadogo, kama punje ya kunde, kanakuja nikikohoa na kurudi nikilala. Hakaumi. Mhudumu wa Kilimani alinichora juu yake kabisa na hakusema neno. Nesi, hii ni nini, na inabadilisha chochote kuhusu mashine?

---

Nesi Halima

Inabadilisha, mama. Inavyosikika ni ngiri ya kitovu, yaani kitu cha ndani ya tumbo kinachochomoza kwenye uwazi wa misuli, lakini daktari wa upasuaji ndiye wa kusema baada ya kukushika, na pengine kukupiga picha ya mawimbi ya sauti. Mpaka aseme, kikombe kisiwekwe tumboni mwako hata pale chini. Kinavuta, na mahali penye uwazi hapavutwi. Mwandikie daktari wa Westlands umjulishe leo, aweke kwenye faili lako.

Ikiwa ni ngiri, huo ni ugonjwa, si urembo. Omba barua ya rufaa kutoka hapo hospitali unakofanyia fiziotherapia, kisha nenda na barua hiyo ukaulizie bima yako inagharamia kiasi gani kabla hujagusa pesa za chama. Najua umesema kisu hapana. Msikilize tu daktari kwanza, nyingine ndogo huachwa zikaangaliwa. Kakianza kuuma, kakiwa kagumu kasirudi ndani ukilala, au ukitapika, usingoje miadi, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Mazoezi ya kupumua mwulize fiziotherapia kama yaendelee. Nipe habari ukishaonwa.